Kiarabu cha madrasa kinatosha kuomba Madina?

Wa alaykum salaam, dada. Umeuliza kama kijana wako aliyemaliza kidato cha sita anaweza kwenda Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina na Kiarabu cha madrasa tu. Anaweza. Chuo kile kilianzishwa mwaka 1961 kikiwalenga hasa wanafunzi wa nje ya Saudia, na kina taasisi ya kuwafundisha Kiarabu wasiokijua kabla ya kuingia kitivo. Hapo hesabu hadi miaka miwili ya lugha, ndipo minne ya shahada. Wengi wanaisahau hiyo miwili, halafu nyumbani wanashangaa mbona mtoto harudi!

Ufadhili unabeba ada, malazi, posho ya mwezi na tiketi ya ndege. Maombi ni mtandaoni, kwa hiyo akitokea mtu anakuuzia nafasi, mkimbie.

Ila muulize kwanza anataka kuwa nani. Akitaka sharia au hadithi, Madina au Al-Azhar ya Misri. Akitaka uhasibu au sheria za serikali katika mazingira ya Kiislamu, IUIU (Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda), chenye makao makuu Mbale, kipo tangu 1988, kinafundisha kwa Kiingereza na nauli yake ni ya basi. Malaysia nako kuna IIUM, chuo kikuu cha kimataifa cha Kiislamu, lakini bila ufadhili mfuko utalia.

Na akirudi Tanzania na shahada ya nje, aipeleke TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) itambuliwe kabla hajaanza kutafuta kazi.