Miaka miwili ya chuo cha ufundi Tabora: hakikisha unatoka na randa yako

Siku tunamaliza ngazi ya pili ya useremala tulikuwa 17. Waliotoka getini na randa zao wenyewe, kile kifaa cha kulainishia mbao, walikuwa 2, mimi nikiwa mmoja wao. Mwezi uliofuata nilipita kwenye karakana moja mjini nikamkuta mwenzetu ambaye darasani hakuna aliyemfikia kwa kuunganisha ulimi na tundu, kiungo ambacho ncha ya ubao mmoja inaingia kwenye tundu la mwingine. Alikuwa ameshika ubao upande wa pili huku mwenye karakana akiupasua. Tulisalimiana, nikamuuliza kwa nini asidai malipo ya fundi. Akasema, "Kaka, randa si yangu, patasi si yangu. Nitaanzia wapi kudai?" Alikuwa analipwa kama saidia fundi, na viungo vyote vigumu anaachiwa yeye.

Jambo hilo limenikaa moyoni, na ndilo linalonifanya niwaandikie wadogo zangu mnaoanza Januari, hasa mnaokuja Tabora kutoka Urambo, Kaliua, Sikonge, Nzega na kwingineko mkiwa na godoro, ndoo na barua ya kujiunga. Mengi mtaambiwa na walimu. Hili la vifaa husemwa siku ya mahafali, wakati pesa imeshaliwa.

Nyumbani wakisikia ada wanashukuru Mungu. Kozi ndefu katika vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imekuwa kwa miaka shilingi 60,000 kwa mwaka kwa anayesoma kutwa na 120,000 kwa anayelala bweni. Gharama zenyewe ziko pembeni: ovaroli, viatu vigumu, madaftari ya michoro, chumba, chakula, sabuni. Vifaa havimo kwenye hesabu ya mzazi kwa sababu anaamini chuo kinavyo. Ni kweli kinavyo, ila siku ukiondoka vinabaki kwenye kabati la karakana, na funguo anabaki nazo mtunza stoo.

Mimi nilitoka Urambo, nikapanga chumba mtaa wa Ng'ambo na kijana mmoja wa Nzega aliyekuwa anasoma ufundi bomba. Tulikubaliana mambo mawili kabla hata ya kutandika magodoro. La kwanza, kodi ya miezi mitatu inalipwa kabla ya kitu kingine chochote pesa ya nyumbani ikifika. La pili, asubuhi hatununui chapati. Tulikuwa tunachemsha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Mama alinitumia gunia dogo kwa basi, pamoja na karanga, na mwenzangu akaletewa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa. Ukila michembe yenye karanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unashinda kwenye randa mpaka saa saba bila kuyumba. Chapati mbili na chai wakati ule vilikuwa kama shilingi 800. Zidisha kwa siku 20 za masomo, unapata 16,000 kwa mwezi. Pesa hiyo kila mmoja aliitia kwenye kopo lake la rangi lililozibwa kwa kuchomelewa, kazi ya rafiki yetu wa uchomeleaji, na hatukuyagusa mpaka mwisho wa mwezi. Mwenzangu kopo lake lilimnunulia spana ya bomba na kifaa cha kuchonga nyuzi za mabomba. Langu lilininunulia patasi.

Jioni tulipika ugali mmoja mkubwa, dagaa wa Kigoma au mlenda, na masika yakikolea tukanunua uyoga kwa akina mama wanaoutoa porini. Sikuona aibu yoyote katika kula hivyo, na wewe usikubali mtu akutie aibu. Kuna wenzetu waliokuwa wanakula chipsi kila jioni na kununua bando kila siku, na wengi wao walikuwa wanaomba kuazimwa futi ya kupimia mpaka mwaka wa pili.

Darasani utakuta mchanganyiko. Mimi nilikuja na cheti cha kidato cha nne nikidhani nitawaongoza walioishia la saba. Hesabu na michoro niliwasaidia, lakini karakanani wao ndio walionisaidia, kwa sababu wengine walikulia kwenye karakana za baba zao. Kaa nao karibu. Wafundishe kusoma mchoro, wakufundishe kusikiliza mbao, maana randa ikienda kinyume na nyuzi za ubao hutoa sauti ya kuchana ambayo mkono uliozoea unaisikia kabla jicho halijaona.

Wiki ya kwanza mwalimu wetu hakutupa mbao hata moja. Tulinoa tu. Chuma cha randa kinasagwa kwa nyuzi 25, kisha ncha yake inamaliziwa kwenye kinoo kwa nyuzi 30, mpaka kinyoe malaika ya mkononi. Wengi walinung'unika, wakaona wanapotezewa muda. Leo nikiona fundi anatokwa jasho kwenye mninga huku randa inaruka, najua kabla sijauliza kwamba hakai na kinoo. Kwa hiyo ukinunua randa bila kinoo umenunua nusu ya kifaa. Utaratibu wangu wa kununua ulikuwa huu, nami nausimamia: futi na skwea (kipimo cha pembe mraba) muhula wa kwanza, kwa sababu hivyo unavitumia kila saa, patasi tatu, za milimita 6, 12 na 25, moja moja kadiri kopo linavyoruhusu, kinoo, msumeno wa mkono, nyundo, halafu randa ya chuma, hata ya mtumba, ilimradi kitako chake kimenyooka. Beba skwea yako unapokwenda kuinunua, ilaze ubavu kwenye kitako uangalie kama mwanga unapita. Vya umeme viache kwanza.

Pesa ya kununulia vitu hivyo haitoki kwenye kopo la chapati peke yake. Inatoka kwenye kazi ndogo za mtaani, baada ya saa tisa alasiri na Jumamosi. Hapa nataka nikueleze makosa yangu mawili yaliyonigharimu, kwa sababu yote yanatokana na vipimo, na sijaona mwanafunzi ambaye hayajamkaribia.

Chuoni mchoro ni milimita. Ukienda kununua mbao unauziwa kwa inchi: moja kwa nane, mbili kwa nne, mbili kwa sita. Mteja naye anaagiza kwa futi: "Nataka kitanda cha tano kwa sita." Lugha tatu kwenye kazi moja. Kitanda changu cha kwanza cha kuuza kilikuwa cha mama jirani, tano kwa sita. Nikahesabu futi moja ni milimita 300, hesabu rahisi ya kichwani, nikatengeneza 1,500 kwa 1,800. Futi moja ni milimita 304.8. Godoro la tano kwa sita ni milimita 1,524 kwa 1,829. Tulipolilaza likapanda juu ya mbao za pembeni, likakunjamana katikati. Yule mama hakunigombeza. Alinyamaza tu, na ukimya wake uliniuma kuliko maneno. Nilinunua mbao nyingine nne kwa pesa yangu, nikafungua viungo, nikaanza upya. Faida yote ikaisha. Tangu hapo nina daftari dogo mfukoni lenye ukurasa mmoja wa vipimo: futi 1 mpaka 8 kwa milimita, inchi 1 mpaka 12 kwa milimita, ukubwa wa magodoro, urefu wa meza ya kulia, kimo cha kiti. Liandike lako wiki hii, usingoje kosa.

La pili ni la mizinga. Tabora ni mkoa wa nyuki, na wafugaji wengi sasa wanaacha mizinga ya magome na magogo, wanataka ya masanduku. Kwa mwanafunzi wa useremala hii ni kazi bora kuliko vitanda: haihitaji vanishi, haihitaji mninga, na mteja akiridhika haagizi mmoja. Mzee mmoja kutoka Sikonge alinipa kazi ya mizinga 6 ya viunzi vya juu, kila mmoja viunzi 26. Hivi ni vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya sanduku vikigusana, na nyuki hujenga sega moja chini ya kila kipande. Kwa nyuki wetu wa Afrika upana wake ni milimita 32. Mimi nilivipasua kwa msumeno nikaviranda kwa makadirio. Vingine vikawa 30, vingine 35. Nikaona tofauti hiyo ni ndogo, nani ataijua?

Mzee alipokuja alitoa mfukoni kijiti alichokikata kwa kipimo chake, akaanza kupima kimoja kimoja. Vilivyozidi akaweka kushoto, vilivyopungua kulia. Katikati vilibaki vichache. Akanieleza kwa upole kwamba vikipishana upana nyuki hawafuati tena kiunzi. Sega la kwanza linashika cha pili, la pili linashika cha tatu, na siku ya kurina ukiinua kimoja unapasua masega yote, asali inamwagika na nyuki wanakasirika. Nilivirudia vyote 156. Safari hii nilitengeneza kwanza kipande cha mfano, kila kiunzi kikapita pale. Alilipa siku ileile na kuongeza chupa ya asali ya nyuki wadogo, na pesa hiyo ndiyo iliyoninunulia randa. Mwezi uliofuata akaleta mfugaji mwingine.

Kuhusu mbao: mazoezi ya chuoni mengi mtafanyia paini, na hiyo inatosha. Ukipata kazi ya mninga au mkurungu, miti ya misitu ya asili, nunua kwa muuzaji anayekupa risiti. Mbao za misitu ya asili zinasimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, nawe mwanafunzi huna uwezo wa kubeba kesi ya mzigo usio na hati kwa sababu tu umeupata kwa bei ya chini usiku. Na unapopiga msasa mninga, funika pua na mdomo. Vumbi lake ni jekundu, jepesi, linawasha macho na kubana kifua, na wapo mafundi ambao limewaletea pumu. Barakoa ni bei ya soda. Nilikaidi mwaka wa kwanza nikakohoa wiki mbili, nikakosa vipindi.

Mafunzo ya kazini, ile fildi, nayo yachague kwa jicho la vifaa. Wengi wanakimbilia sehemu kubwa zenye mashine nyingi, kwa sababu jina linapendeza kwenye ripoti. Mimi nilianzia sehemu ya namna hiyo. Wiki tatu nilizoa taka za mbao na kupanga mabaki, mashine nikazitazama kwa mbali. Sikulalamika kwa mtu, nilimwomba mwalimu msimamizi kwa adabu anihamishe, akaniruhusu nikaenda kwenye karakana ya mafundi watatu chini ya mwembe. Pale siku ya pili nilipewa mlango. Fundi mkuu, mzee wa Kinyamwezi, alikuwa anafika kabla ya jua. Nilijitahidi nimtangulie, nimwamkie, nifagie, ninoe patasi zake zote kabla hajaketi. Hakuniambia kitu. Mwisho wa wiki akanionyesha jinsi ya kuchonga mkia wa njiwa, kiungo chenye meno yanayopanuka kama mkia wa ndege, bila kupima mara mbili. Alinifundisha na kupanga bei pia: gharama ya mbao, misumari na gundi, siku za kazi, halafu nauli ya kumfuata mteja asiyerudi.

Kuna jambo la mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni nzuri, na mkimaliza mjiunge watano au zaidi wa fani tofauti muombe. Ila mkopo huo hutolewa kwa kikundi, unachukua muda, na wanakuja kuona mnafanya nini. Watu wenye vifaa vya mkono na kazi mbili tatu mtaani wana cha kuonyesha. Tumieni mkopo kununua mashine, msiutumie kununua nyundo.

Vifaa vyako vitunze. Choma herufi zako kwenye kila mpini kwa msumari wa moto. Usivilaze karakanani, usimwazime mtu patasi "ya dakika mbili" afungulie kopo la rangi. Sanduku la kuvibebea lijenge mwenyewe kama zoezi la mwaka wa pili, kwa viungo vya mkia wa njiwa, lenye kufuli. Langu nililibeba nyuma ya baskeli kila siku, Ng'ambo mpaka chuoni na kurudi.

Na wiki ya mwisho kabla ya kukabidhi ovaroli, nenda kwa mwalimu wako na mbao ulizonunua kwa pesa yako, umwombe ruhusa upasue na kuranda kwa mashine za chuo kwa mara ya mwisho. Wetu alikubali, akanisimamia mwenyewe. Nilitoka pale na vipande vya stuli nne vilivyonyooka, vimefungwa kwa kamba juu ya sanduku. Niliviunganisha uani kwa mama mwenye nyumba siku mbili zilizofuata. Tatu nikauza, ya nne nikampa yeye, akaniachia uani pale nifanyie kazi mpaka nilipopata karakana.