Kabla ya mlio na tuni, toa tapeti ya pampu uiangalie

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema Golf GTI Mk5 yako, 2.0 turbo, imetembea kilomita 140,000. Wikiendi hii unafunga daunpaipu pana, yaani bomba la moshi linalotoka kwenye turbo, unatoa rezoneta inayopunguza mvumo, halafu fundi anakupakia kwenye kompyuta ya injini faili la steji 2, la kuongeza nguvu, lenye ile milipuko ya ekzosi ukiachia mafuta. Ukauliza bomba liwe inchi 3 au 2.5, plagi zipi, na kama klachi itahimili. Katika bandiko zima hakuna mstari hata mmoja unaosema tapeti ya pampu ya petroli imewahi kutolewa ikaangaliwa. Nimesoma mara mbili kuhakikisha. Orodha yako ndiyo ile ile yangu, na najua iliponifikisha.

Injini hiyo haiongezewi hata farasi mmoja kabla tapeti haijatoka ikaonekana kwa macho. Mengine yote tutaongea baadaye.

Injini yako ni EA113, TFSI inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli ikitoka kwenye tangi inapita pampu ya pili, iliyofungwa mwisho wa silinda hedi, ambayo inaipandisha presha hadi karibu bar 110 ukikanyaga hadi chini. Pampu hiyo haina mota. Inasukumwa na nundu za kamshafti ya vali za kuingiza hewa, na kati ya nundu na pini ya pampu kuna kikombe kidogo cha chuma, basi. Hicho ndicho tapeti. Hakina rola, kinasuguana na nundu uso kwa uso, mara tatu kila kamshafti ikizunguka. Uso wake una utando mweusi. Utando ukiisha, chuma kinang'aa. Chuma nacho kikiliwa, kinatoboka. Kikitoboka, pini ya pampu inaanza kulima kamshafti yenyewe.

Sasa ongeza steji 2 hapo. Gari ilitoka kiwandani na nguvu 200 na torki ya Nm 280, na pampu imepimwa kwa kazi hiyo. Faili jipya linadai petroli nyingi zaidi, pampu inakaa kwenye presha ya juu muda mrefu, na mzigo wote huo unabebwa na kikombe ambacho hujui kimebaki na unene gani. Ukifunga pampu ya nguvu zaidi yenye springi ngumu, ndiyo unakiongezea adhabu.

Yangu ilikuwa na kilomita zinazokaribiana na zako. Daunpaipu Jumamosi, faili Jumatatu. Siku 10 za kwanza zilikuwa raha tupu, nilikuwa nashusha vioo kila nikiona ukuta mrefu ili niusikie mlio ukirudi. Siku ya 11, gia ya tatu, mguu umefika chini, mshale wa mizunguko ulipopita 4,500 gari ikakatika ghafla kama mtu kavuta breki ya mkono. Taa ya injini ikawaka. Mashine ya kusomea makosa ikatoa msimbo P0087, yaani presha ya petroli kwenye reli, bomba linalogawia nozeli, iko chini.

Nikampelekea jamaa aliyenipakia faili. Bila hata kufungua boneti akasema ni sensa ya presha. Nikanunua sensa, tatizo likarudi. Akasema filta ya petroli, nikabadilisha, likarudi. Mara ya tatu akanipakia faili lililolegezwa kidogo, gari ikatulia siku 4, nikaamini tumepona. Siku zote hizo pini ilikuwa inakula kamshafti, na unga wa chuma unashuka kwenye oili.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mtu mzima ambaye hata laptopu hana. Aliuliza swali moja tu: "Tapeti umeitazama lini?" Nikamwuliza tapeti gani. Hakunijibu, akafungua filta ya oili, akaikata, akaikunjua ile karatasi juu ya meza karibu na taa. Ilikuwa inameremeta. Halafu akatoa pampu. Kikombe kikatoka na tundu katikati, mviringo kabisa, kingo zake kali kiasi kwamba kilinikata kidole nilipokishika. Ncha ya pini ya pampu ilikuwa imebondeka. Akanishika mkono, akaniambia nipitishe kucha kwenye nundu ya kamshafti. Kucha ikanasa kwenye mfereji.

Kamshafti mpya, pampu mpya, sampu ikashushwa kusafisha chujio, turbo ikaondoka nayo kwa sababu beringi zake zilikuwa zimekwaruzwa. Wiki 7 gari imekaa. Yote hiyo kwa ajili ya kipuri ambacho ni miongoni mwa vya bei ndogo kabisa kwenye gari lile, na ambacho kukikagua si kazi ya hata saa moja.

Huyo jamaa wa faili simsamehi, nasema wazi. Anafanya kazi na injini hizi kila wiki, udhaifu wa tapeti unajulikana tangu zamani kwa yeyote anayezigusa, na alipokea pesa yangu bila kuuliza kilomita, bila kuuliza oili, bila kuomba logi hata moja, yaani rekodi ya vipimo vya injini ikiwa kazini. Kuuza nguvu bila kukagua kinachozibeba ni dhuluma. Kama huyo wako naye hajakuuliza lolote, ujue umempata ndugu yake.

Na usidanganywe na mtu atakayekuja hapa kusema "mimi nina GTI na sijawahi kusikia habari hizo". Mwulize ni ipi. GTI ya Mk6 ya kawaida ina EA888, injini nyingine kabisa, ya mnyororo, na tapeti yake ina rola. Lakini Golf R ya Mk6 na Audi S3 8P zina EA113 kama wewe.

Namna ya kuitoa. Injini iwe ya baridi. Chomoa fyuzi ya pampu ya tangini, washa, iache izime yenyewe, maana kwenye reli kuna petroli yenye presha ya kukuumiza vibaya. Hata baada ya hapo funika nati ya bomba kwa kitambaa unapoilegeza, na vaa miwani. Pampu imeshikwa na boliti 3. Zilegeze kwa zamu, kidogo kidogo, kwa sababu springi inasukuma. Tapeti mara nyingi inabaki ndani ya shimo lake, ivute kwa sumaku. Uso ukiwa mweusi wote, rudisha. Ukiona duara linalong'aa katikati, weka mpya, usijadiliane nayo. Ukiona tundu au mfereji kwenye nundu, faili lisubiri. Mimi sasa naitoa kila ninapomwaga oili, kila kilomita 10,000, na oili ni ya kiwango cha VW 502 00 au 504 00, si yoyote iliyopo dukani.

Kuhusu mlio: rezoneta iache. Ukiitoa, kwenye safari ndefu mizunguko ikiwa 2,500 hadi 3,000 kuna mvumo utakaokuumiza kichwa, na daunpaipu peke yake inabadilisha sauti vya kutosha. Masega yanayosafisha moshi ndani ya ekzosi usiyatoe, nchi nyingi ni kosa la kisheria, na yapo ya michezo yanayopitisha hewa vizuri. Ile milipuko ukiachia mafuta mwambie aiondoe kabisa. Inapatikana kwa kuchelewesha cheche na kuendelea kumwaga petroli wakati kompyuta ilipaswa kuikata, kwa hiyo moto unawaka kwenye manifodi na ndani ya turbo, kisha unaishia kwenye masega. Unachosikia ni vipuri vyako vikichomwa.

Tapeti ikiwa salama na faili likaingia, usiondoke gereji bila logi. Gia ya tatu, kutoka 2,500 hadi 6,500, mguu chini, sehemu iliyofungwa au juu ya mashine ya roli ya kupimia nguvu. Linganisha presha ya petroli inayoombwa na inayopatikana. Zikiachana huku mizunguko inapanda, achia mafuta hapo hapo.

Leo jioni toa pampu. Piga picha ya uso wa tapeti kwenye mwanga mzuri, kwa karibu, na nyingine ya nundu ukiizungusha injini kwa spana, uziweke hapa kabla hujamlipa huyo fundi.