Maswali yenu: stelingi kafa, na yule binti wa darajani je?

Tulipowaambia toleo hili tutajibu maswali ya muvi za upanga za Kichina, meseji zimekuja nyingi na nyingi zaidi zinauliza muvi ileile moja, Wo Hu Cang Long ya mwaka 2000, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Kiingereza Crouching Tiger, Hidden Dragon. Basi safari hii tumeipa ukurasa wote. Kama hujaiangalia, jua kabisa humu mwisho wake unatajwa.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nimekua na muvi za kung fu na sheria yake tunaijua wote, stelingi hafi. Sasa hii nimeiangalia juzi, Li Mu Bai ndo stelingi, anapigana kuliko wote, upanga ni wake, halafu anakuja kufa kwa kisindano? Cha bibi kizee? Nimelala na hasira. Naomba nieleweshe.

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hasira yako naielewa maana hata mimi mara ya kwanza nilirudisha nyuma nikidhani nimeruka kipande. Kile kisindano kina sumu, na yule bibi, Jade Fox, hakumlenga yeye, alimlenga yule binti Jen, mwanafunzi wake, kwasababu Jen alimficha siri miaka mingi. Walikua na kitabu kimoja cha mbinu za Wudang, shule ya upanga ya Li Mu Bai, walichokua wanajifunzia, bibi hajui kusoma vizuri anafuata michoro tu, mtoto anasoma maandishi yote na hasemi, mpaka anampita mwalimu wake. Bibi alipojua akavunjika moyo. Li Mu Bai anapangua sindano zote kwa upanga ila moja inampata shingoni, na Jen ndo anakimbia kutafuta dawa na anarudi amechelewa.

Ila nikwambie ninavyoona mimi, ukimuweka Li Mu Bai kuwa stelingi muvi yote inakuponyoka. Yeye na Shu Lien, yule mwanamke mpiganaji mwenzake, wanapendana miaka na hawajawahi kusemezana, kwa sababu Shu Lien alikua mchumba wa mtu mwingine, huyo mtu alikua ndugu wa kiapo wa Li Mu Bai na akauawa, sasa wote wawili wanaona kupendana ni kumvunjia heshima marehemu. Angalia wanavyokaa kunywa chai, mkono mmoja unagusa mwingine basi, imeisha. Kwenye muvi hii watu hawasemi, wanapigana. Ndo maana Li Mu Bai anapokufa, Shu Lien anamwambia atunze pumzi yake iliyobaki, na yeye Li Mu Bai anaitumia yote kumwambia kuwa amempenda siku zote. Shujaa ambaye hakuna aliyemshinda kwa upanga, sentensi moja ilimshinda mpaka dakika ya mwisho. Mi hapo huwa nasimamisha kwanza.

SWALI: Mama yangu akimuona yule Jade Fox anasema "huyu zamani alikua mzuri huyu, alikua staa". Sisi tunamcheka. Ni kweli au kamchanganya?

JIBU: Acheni kumcheka mama, yuko sahihi kabisa! Yule ni Cheng Pei-pei, amezaliwa Shanghai mwaka 1946, akaenda Hong Kong na kuwa staa wa studio za Shaw Brothers. Mwaka 1966 dairekta King Hu alimpa nafasi ya mhusika mkuu kwenye Come Drink with Me akiwa na miaka 20 tu, anacheza mwanamke shujaa anayesafiri amevaa kiume kwenda kumkomboa kaka yake aliyetekwa, na kuanzia hapo watu wakamuita malkia wa upanga. Kuna kipande anaingia kwenye nyumba ya wageni, anakaa, wahuni wanamzunguka kidogo kidogo na yeye ametulia anakunywa. Sasa kumbuka Jen na yeye anavyokaa kwenye nyumba ya wageni amevaa kiume na wababe wanajileta mmoja mmoja kujitambulisha. Ang Lee aliyeongoza hii ya 2000 amekulia Taiwan akiangalia muvi za aina ile, kwahiyo kumchukua malkia wa zamani na kumfanya ndo adui mwenye kinyongo, aliyetaka kusomeshwa upanga akakataliwa kwasababu ni mwanamke, hiyo si bahati mbaya hata kidogo. Yule bibi ana haki ya kuwa na hasira ingawa hana haki ya kuua. Cheng Pei-pei amefariki mwaka 2024, na mama yako akitaka kumuona alivyokua mtafutieni hiyo ya 1966.

SWALI: Nani kati yao anajua kupigana kweli? Tumebishana na washkaji, mmoja anasema wote ni mabondia wa ukweli, mwingine anasema wale ni waigizaji tu wanabebwa na waya.

JIBU: Wote wawili hamjafika, na jibu lenyewe linanifurahisha sana. Chow Yun-fat, huyo Li Mu Bai, hakua mtu wa kung fu, jina lake alilipata kwenye muvi za bastola za Hong Kong miaka ya 80, na hii ndo muvi yake ya kwanza ya kushika upanga wa namna hii. Kabla yake alifuatwa Jet Li ambaye yeye ni bingwa wa wushu kweli, yaani sanaa ya mapigano ya Kichina. Sasa wengine watakwambia hapo walipoteza, mi naona walipata, kwasababu Chow anapigana kama mtu ambaye hataki kupigana tena, mkono mmoja upo nyuma ya mgongo, uso umetulia, na muvi inaanza na yeye anagawa upanga wake kwasababu amechoka na damu, kwahiyo inakaa.

Wanawake sasa. Cheng Pei-pei alianza na dansi, balei hasa. Michelle Yeoh, ndo Shu Lien, amezaliwa Ipoh, Malaysia mwaka 1962, alienda Uingereza kusomea balei mpaka alipoumia mgongo, kung fu ilikuja baadae akishaingia kwenye muvi. Zhang Ziyi, ndo Jen, amezaliwa Beijing mwaka 1979, aliingia shule ya dansi akiwa na miaka 11, na kabla ya hii alikua na muvi moja kubwa tu ya dairekta Zhang Yimou. Yaani wanawake wote watatu wanaobeba hii muvi ni wacheza dansi! Ukishajua hivyo urudie lile pambano la ukumbini, Shu Lien anachukua silaha moja baada ya nyingine, mapanga mawili, mkuki, zile zenye ndoano, hadi chuma kizito kinamshinda kunyanyua, na ule upanga wa Li Mu Bai ambao Jen aliuiba unazikata zote. Hesabu hatua za miguu, wanaenda na mdundo. Na mwisho wake mwenye silaha iliyovunjika ndo anaushika ushindi, anamuwekea Jen kipande cha upanga shingoni halafu anamuachia, na Jen anamjibu kwa kumkata mkono. Hayo ni mazungumzo ya dada mkubwa na mdogo, neno kwa neno.

Na msisahau Michelle aliumia kwenye kazi hii, kano ya goti ilichanika akaenda Marekani kufanyiwa upasuaji, akarudi akamaliza. Mwaka 2023 amechukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa muvi nyingine, mi nilifurahi kama ni ndugu yangu.

SWALI: Zile mianzi, walipanda kweli au ni kompyuta?

JIBU: Walipanda kweli. Kompyuta ilitumika kufuta waya, ila Chow na Zhang wenyewe wamening'inizwa juu ya msitu wa mianzi kwa winchi na watu wa chini wanavuta kamba. Mpangaji wa mapigano ni Yuen Woo-ping, huyohuyo aliyepanga mapigano ya The Matrix ya 1999. Na kupigana ndani ya mianzi lilikua wazo la King Hu toka mwaka 1971 kwenye A Touch of Zen, ila yeye aliwaweka chini wanaruka, Ang Lee akawapandisha juu kabisa kwenye matawi yanayoyumba, na hapo ndo inakua kama upepo ndo unapigana.

SWALI: Nina rafiki Mchina anasema kwao wengi hawakuipenda. Kivipi, muvi yenye Oscar?

JIBU: Rafiki yako hajakosea, na sababu moja kubwa ni lafudhi. Muvi inaongea Kimandarini, Chow ni wa Hong Kong lugha yake ni Kikantoni, Michelle kakulia Malaysia na maandishi ya Kichina alikua hayasomi, alikariri maneno kwa sauti tu, Chang Chen aliyecheza Lo, mwizi wa jangwani na mpenzi wa Jen, anatoka Taiwan, ni Zhang Ziyi tu ndo wa Beijing. Sisi tunaosoma maandishi ya chini hatusikii kitu, ila mtu mwenye lugha yake anasikia stelingi wa kale, enzi ya Qing, utawala wa mwisho wa wafalme wa China, anaongea kama mgeni, inamtoa mchezoni. Pia wao muvi za watu kuruka juu ya mapaa wameziona toka utotoni, hazikua ajabu.

Huko nje ndo ilivunja rekodi, ilitengenezwa kwa dola milioni 17 hivi na ikaingiza zaidi ya milioni 200 dunia nzima, ikawa muvi ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupita dola milioni 100 Marekani. Oscar ilitajwa mara 10 ikachukua 4: muvi bora ya lugha ya kigeni, picha za Peter Pau, mandhari ya Tim Yip na muziki wa Tan Dun. Huo muziki jamani, ile mbio ya usiku juu ya mapaa ni ngoma tupu, hakuna kingine, na chelo ya Yo-Yo Ma inakuja kuumiza moyo baadae.

SWALI: Jina lina maana gani?

JIBU: Chui milia aliyejikunyata, joka lililojificha. Ni msemo wa Kichina wa watu wenye vipaji wasiojionyesha. Ila kuna zaidi, kwenye kitabu cha Wang Dulu ilipotoka hadithi hii Jen anaitwa Yu Jiaolong na Lo anaitwa Luo Xiaohu, "long" ni joka na "hu" ni chui milia. Kwahiyo jina lenyewe linawataja hao vijana wawili, wakubwa hawamo.

SWALI: Kaka naomba unitulize. Yule binti kajirusha kwenye daraja mwishoni, kafa au kapaa? Mimi na dada yangu hatujaongea siku mbili.

JIBU: Poleni, ongeeni kwanza. Jibu mlipewa mapema ila lilipita haraka. Kule jangwani Lo alimsimulia Jen hadithi ya kijana ambaye wazazi wake walikua wagonjwa, akaruka kutoka mlimani ili ombi lake likubaliwe, hakufa wala hakuumia, akaelea akaenda mbali na alijua ombi limekubaliwa. Moyo ukiwa mkweli. Sasa pale darajani, mlima ni wa Wudang kwenye hadithi ingawa walipiga picha mlima Cangyan, Hebei, Jen anamkumbusha Lo ile hadithi na anamwambia aombe.

Dada yako kama anasema kafa ana hoja, Li Mu Bai kafa akijaribu kumuokoa yeye na huo mzigo haubebeki. Ila mi namuangalia uso hewani, haogopi, mikono imefunguka, na kamera haimfuati mpaka chini, inamuacha kwenye ukungu bado anaelea. Na ombi la Lo lilikua warudi jangwani wote wawili. Alilitamka kabla binti hajaruka, na binti ndo alimwambia alitamke.