Kabla ya kuiuza, ipimwe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kwamba mwenye pikipiki kubwa ya safari iliyozeeka aitengeneze au anunue nyingine, limenigusa kwa sababu mwaka jana nusura nilijibu vibaya. Pikipiki yangu ni Honda Transalp ya cc 583, ya mwaka 1994, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na kwa miaka kumi na mitatu imenipeleka kutoka Uyole hadi Tukuyu, Iringa na Songea, masika na kiangazi. Jibu langu ni kwamba umri wa pikipiki hauamui lolote mpaka kila sehemu inayolalamikiwa ipimwe peke yake, na vipimo hivyo visomwe kwa kuzingatia kwamba sisi tunaishi milimani.

Tatizo lilianza nikirudi kutoka Makambako. Jioni, nilipoipita Igurusi, taa ya mbele ilififia hadi ikabaki na wekundu wa kaa la moto, kisha injini ikaanza kukatakata, na safari nikaimalizia ndani ya kirikuu huku nimeishikilia pikipiki kwa kamba. Fundi wa kwanza alifungua plagi akazikuta nyeusi, akapima kompresheni, yaani nguvu ya mbano wa hewa ndani ya silinda, akapata 10 mahali alipotarajia 12, akaniambia: "Mwalimu, injini hii imekwisha. Iuze kama spea, utafute nyingine." Alisema kwa nia njema, nami nilikwisha kuanza kuulizia bei.

Fundi wa pili, kijana mwenye gereji ndogo huko Soweto, hapa hapa Mbeya, ndiye aliyenizuia. Alinieleza kwamba ile 12 ni ya usawa wa bahari, ilhali Mbeya iko kwenye mwinuko wa meta 1,700 hivi, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Kwa hiyo injini nzima ambayo Dar es Salaam ingeonyesha 12, hapa kwetu itaonyesha chini kidogo ya 10. Jambo la kuangalia zaidi ni tofauti baina ya silinda moja na nyingine, na zangu mbili zilikaribia kulingana. Kama moja ingekuwa chini sana, angetia humo kijiko cha oili na kupima tena: kipimo kikipanda, ringi zimelika, kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu. Weusi wa plagi nao ulikuwa na sababu hiyo hiyo ya mwinuko, kwa kuwa kabureta huendelea kutoa petroli ileile ingawa hewa imepungua, na jeti ndogo zaidi, yaani vitundu vya kupitishia petroli, ziliuondoa.

Ndipo akageukia umeme. Aliweka mita kwenye betri, injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika, ambapo tulipaswa kusoma kati ya volti 13.5 na 14.5, tulisoma 12.1, na namba ikazidi kushuka mbele ya macho yetu. Akazifuata kwa vidole nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili ya kuchaji hadi kwenye kiunganishi chake, na alipokivuta, nusu ya plastiki ilibaki mkononi: ilikuwa imeyeyuka, pini moja imekuwa nyeusi, na waya wake umekauka ukawa wa kahawia. Regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme unaochaji betri, ilikuwa imekufa, ugonjwa unaojulikana sana kwa pikipiki nyingi za Honda za miaka ile. Regyuleta mpya pamoja na kuunganisha nyaya upya kwa risasi vilinigharimu chini ya bei ya tairi moja la nyuma, na pikipiki niliyokuwa naitafutia mnunuzi wa spea ikawaka.

Sisemi kwamba kila mkweche utengenezwe. Fremu iliyopinda au kupasuka karibu na shingo ya usukani ningeiacha siku hiyo hiyo, hata injini ingekuwa kama mpya, kwa sababu hakuna uchomeleaji ambao ningeuamini katika zile kona 57 za kupanda Matamba kutoka Chimala. Spea nazo zina uzito wake, kwa kuwa maduka yetu yamejaa vifaa vya pikipiki ndogo za bodaboda, na tairi la mbele la inchi 21 mimi huliagiza Dar es Salaam kabla la zamani halijaisha. Aidha, pikipiki mpya zina mambo mawili ninayoyatamani kwa dhati: mfumo wa kuingiza mafuta unaojirekebisha wenyewe mwinuko unapobadilika, na breki zisizofunga gurudumu, ambazo mtu anayeteremka Kitonga mara kwa mara nyuma ya malori, mvua ikinyesha, hapaswi kuzidharau. Huyo nitamshauri anunue mpya akiweza.

Mimi safari zangu nyingi ni za Njombe na Tukuyu, kwa mwendo wa wastani, na nyuma yangu hakuna abiria. Fremu imenyooka, kompresheni ni nzima, na umeme sasa unasoma volti 14.1. Kilichobaki ni sili za shokapu za mbele, ambazo zimeanza kuvuja oili, na nimekwisha kuziagiza.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya