Laptopu imelala na haiamki: angalia Caps Lock kwanza

Usikimbilie kuizima kwa nguvu. Kazi ambayo hujaihifadhi bado imo kwenye memori, na umeme ukikatika imepotea. Bonyeza Caps Lock mara mbili tatu huku ukitazama kitaa chake. Kikiwaka na kuzima, mashine imeshaamka, ila skrini ndiyo haionyeshi kitu. Kisipobadilika, mfumo umeganda au haujaamka kabisa. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na wengi huhangaika kwa kutibu lile wasilo nalo.

Kama ni skrini, na unatumia Windows 10 au 11, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya grafiki, yaani programu inayoendesha picha za skrini, huanza upya: mlio mfupi, skrini inapepesa, na programu zako zinabaki wazi. Ikikataa, chomoa waya wa HDMI (wa skrini ya nje au TV) kama upo, ongeza mwangaza, kisha mulika skrini kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona maandishi kwa mbali, taa ya nyuma ya skrini haifanyi kazi. Hapo mpelekee fundi. Ikirudi kwa vile vitufe, weka draiva mpya ya grafiki kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu. Shida ikiwa imeanza baada ya sasisho, irudishe draiva ya zamani kupitia Device Manager, sehemu ya Windows ya kusimamia vifaa. Ukimaliza chagua Restart, si Shut down: Fast Startup (mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka) ikiwa imewashwa, Shut down haianzishi draiva upya kikamilifu.

Kitaa kisipobadilika, hakuna namna, shikilia kitufe cha kuwasha mpaka taa zote zizimike, kwa kawaida kama sekunde 10. Chomoa chaja na kila kifaa cha USB, shikilia tena sekunde 30, rudisha chaja, washa. Tumia siku kadhaa bila vifaa vya USB, kisha virudishe kimoja kimoja. Huenda mkorofi ni kimojawapo, au draiva ya Wi-Fi.

Ikigoma pale tu ambapo haiko kwenye chaja, shuku betri. Andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt (dirisha la Windows la kuandika amri), fungua ripoti inayotengenezwa, ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na wa sasa. Tofauti ikiwa kubwa, memori huweza kukosa umeme laptopu ikiwa imelala.

Wakati bado unatafuta chanzo, tumia Hibernate badala ya Sleep (kule kulala kwa kawaida). Inachelewa kidogo kuwaka, lakini kazi yako inahifadhiwa kwenye diski.