Barua za Wasomaji: Hadithi Yako Anaisimulia Nani?

Safari hii barua nyingi zilizofika ni za watu wanaoandika hadithi fupi, wale wa mashairi mnivumilie, zamu yenu inakuja.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika hadithi ya mama mmoja wa Hombolo, mkulima wa zabibu, dalali anamzungusha weee mpaka anauza mzigo kwa bei ya kutupa. Niliisimulia kwa "yeye", rafiki yangu akasoma akasema hii ni kama ripoti ya bwana shamba. Nikabadilisha yote nikaweka "mimi", yaani mama mwenyewe ndo anasimulia, akasema bado. Shida yangu ni nini? *Msomaji, Makole*

JIBU: Marahaba. Nimezisoma zote mbili ulizotuma na rafiki yako yuko sahihi, ila hajakuambia kwa nini. Wewe ulichobadilisha ni viambishi tu. "Alifika shambani" imekuwa "nilifika shambani", basi, umemaliza. Macho yanayoangalia ni yaleyale, macho ya mtu asiye na jina, anayejua kila kitu na hana anachopoteza. Mama wako anasema, "dalali alikuwa ameshakubaliana na wenzake washushe bei." Amejuaje? Alikuwepo? Na kama alijua mbona amemuuzia?

Kabla ya mimi au yeye jiulize kwenye hii hadithi nani anajua nini, na anakijua saa ngapi. Zabibu ikishakatwa haisubiri, shambani hakuna chumba cha baridi, jua la Dodoma unalijua mwenyewe, kila saa inayopita mzigo unasinyaa na kilo zinapungua. Dalali analijua hilo, mama analijua, na kila mmoja anajua kwamba mwenzie anajua. Halafu kuna kile kidude cha kupimia sukari ya zabibu ambacho umekitaja mstari mmoja ukakiacha, nilisikitika kweli! Dalali anaminyia tone la zabibu, anachungulia, anasema "mama, sukari yako haijafika hata kumi na nane". Mama hajawahi kukishika hicho kidude. Hapo ndo hadithi yako ilipo, na itageuka kabisa kutegemea umesimama nyuma ya macho ya nani.

Tuanze na mama. Angesema hivi: *"Alichungulia, akanyamaza. Mnunuzi akinyamaza mbele ya mzigo wako ujue bei inashuka."* Yeye hajui namba ila anajua watu, kwa hiyo hadithi yake itakuwa ya kusoma sura, kusoma mikono, kusikiliza injini ya pikapu kama imezimwa au imeachwa inaunguruma.

Sasa mpe dalali. *"Yule bi mkubwa wa Hombolo nilimwonea huruma sana, Mungu ni shahidi, lakini na mimi nina marejesho ya pikapu kila Ijumaa, na wenzangu wote walikuwa wanatoa bei hiyohiyo, sasa ningefanyaje."* Umeona anavyojitetea kabla hajaulizwa? Msomaji hamwamini, na raha yenyewe iko hapo, maana wewe mwandishi hujasema popote kwamba huyu ni mwizi. Ukimpa dalali usimulizi kazi yako ni kumwachia aongee mpaka ajikamate mwenyewe, usimsaidie.

Halafu kuna mtoto. Kwenye hadithi yako yupo, anabeba kreti, hujampa hata sentensi moja. *"Anko wa pikapu alikuwa anaangalia jua na kidude. Nikamwomba na mimi nichungulie, akacheka akanipa. Juu kulikuwa na bluu, chini kweupe, na namba pembeni. Bluu imeishia kwenye ishirini na moja. Nikamwambia mama nimeona bluu, akasema haya shika kreti."* Pale bluu inapoishia ndo kipimo chenyewe cha sukari, kwa hiyo mtoto ameona ishirini na moja, dalali alisema haijafika kumi na nane, na mtoto hajui kwamba ameona kitu. Msomaji peke yake ndo anajua. Hakuna aliyelia, hakuna aliyetoa hotuba ya kunyonywa kwa mkulima, ile aya yako nzima ya mwisho unaweza kuifuta.

Mimi ningemchagua mtoto. Siyo kwa sababu watoto wanatia huruma (hilo ni tatizo jingine, hadithi za watoto wa kutia huruma tunazo za kutosha), ni kwa sababu yeye anaona mengi kuliko anavyoelewa, na hilo pengo ndo linampa msomaji kazi.

Lakini ukimchukua amua kitu kimoja mapema. Anasimulia akiwa na miaka tisa, au anasimulia leo ana miaka thelathini na tano anafanya kazi wizarani kule Mtumba? Wote ni "mimi" ila ni watu wawili. Wa miaka tisa hawezi kusema "sikujua wakati ule kwamba tunaibiwa". Yule mkubwa anaweza, na akishasema hivyo hadithi inahama, inakuwa ya mtu mzima anayejiuliza kwa nini hakutaja ile namba. Zote nzuri. Kosa ni kuwachanganya, unaanza na sauti ya mtoto aya ya tatu anaongea kuhusu "mfumo wa masoko".

Kingine, angalia unavyowaita watu. Mtoto atasema mama na anko, dalali atasema bi mkubwa au yule mama, jirani atamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama fulani. Ukiandika "mwanamke huyo mkulima" hiyo ni sauti ya nani? Ya gazeti. Angalia pia kuja na kwenda. "Dalali alikuja" maana yake tumesimama na mama shambani, "dalali alienda Hombolo" tumesimama naye yeye mjini, na kwenye hadithi yako kuna sehemu kwenye aya moja dalali anakuja, anaenda, anakuja, mpaka sijui mimi msomaji nikae wapi.

SWALI: Mwalimu habari. Naandika hadithi ya abiria wanne kwenye basi la Singida kuja Dodoma, kila mmoja ana siri. Nimeingia ndani ya mawazo ya wote wanne. Aliyenihariria ameniambia narukaruka vichwa, nichague mmoja. Mbona bibi zetu kwenye hadithi walikuwa wanajua mawazo ya sungura na fisi na simba wote kwa pamoja na hakuna aliyelalamika? *Msomaji, Manyoni*

JIBU: Swali zuri, na nusu ya hoja yako naikubali. Msimulizi anayejua yote siyo dhambi. Ila msikilize bibi vizuri. Anapokuambia fisi aliwaza hivi na sungura akawaza vile, sauti unayosikia ni ya bibi muda wote, anamcheka fisi, anamsifia sungura, anakukatisha akuulize unasinzia? Anahukumu. Yeye ndo mhusika wa ziada ambaye hayumo kwenye hadithi. Wewe kwenye basi lako huyo mtu hayupo, kuna mawazo ya abiria yanapokezana bila mwenyeji, ndo maana mhariri wako amepotea.

Kwa hiyo una njia mbili, ama umlete msimulizi mwenye mdomo wake, mtu wa kusema "huyu wa siti ya dirishani msimwamini", au uchague abiria mmoja na siri za wengine tuzione kutokea kwenye siti yake: simu inayokatwa kila ikiita, begi ambalo mtu hataki liwekwe kwenye buti hata kondakta akimgombeza. Kwa hadithi yenye maneno elfu moja na mia tano mimi ningeenda na hii ya pili. Vichwa vinne ndani ya nafasi hiyo kila mtu anapata kijiaya, hakuna anayeshiba.

Na kuna kero ya lugha yetu wenyewe. Umeandika "akamwangalia, akacheka, akamwambia asimguse". Kwenye tukio hilo wako wanawake wawili, mwanaume mmoja na kondakta. Nani kamwambia nani? Kiambishi a- hakisemi ni mwanaume wala mwanamke, kinabeba yeyote, sasa ukiwa unaruka vichwa kila sentensi msomaji anaanza kuhesabu vidole. Ukikaa na mtu mmoja hiyo shida karibu yote inaisha, maana tunajua anayeangalia ni nani.

SWALI: Msimulizi wa nafsi ya kwanza anaweza kufa mwishoni? Tunabishana huku UDOM. *Wanachuo wawili*

JIBU: Anaweza, mradi msomaji asibaki anajiuliza sasa huyu kaandika saa ngapi. Kuna hadithi fupi ya Mjapani Ryunosuke Akutagawa ya mwaka 1922, samurai kauawa kichakani, na kila anayehusika anatoa maelezo yake. Marehemu naye anatoa ushahidi, kupitia kwa mtu anayeongea na mizimu. Ushahidi wake haumalizi kesi, unaivuruga zaidi, maana jambazi anasema nimemuua mimi, mke anasema mimi, na marehemu anasema nimejiua mwenyewe. Kwa hiyo hata kufa hakumfanyi msimulizi awe mkweli, msibishane kuhusu kufa tu, bishaneni na hilo.

SWALI: Je naweza kusimulia kwa "wewe"? Mwalimu wetu wa fasihi anasema hiyo haipo. *Msomaji, Nkuhungu*

JIBU: Ipo, na unaitumia kila siku bila kujua. Mtu aliyechelewa kufika mjini akikusimulia hasemi "nilifika", anasema "yaani unafika stendi ya Nanenane saa sita usiku, umechoka, simu imezima, wa bajaji anakuangalia anajua huyu hana pa kwenda, unatajiwa bei mpaka unakaa chini." Hapo umeshakuwa wewe, uchovu ni wako na hela ni yako. Inafaa sana kwa jambo ambalo msimulizi anaona aibu kulisema kwa "mimi". Ila usiivute, kurasa mbili tatu zinatosha, na usinitwike mimi msomaji mambo mazito sana, ukishaniambia "unachukua hela ya mama yako kwenye kanga" mi naanza kubisha kwamba sijachukua.