Kujua kama mwanzilishi anajinufaisha kabla hujanunua hisa

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kwenye waraka wa matarajio (maelezo rasmi kwa wanunuzi wa hisa) wa kampuni changa inayoingia soko la hisa. Ruka picha na maono, nenda sura ya miamala na watu wenye uhusiano na kampuni. Waraka wa WeWork, kampuni ya kupangisha ofisi za pamoja, wa Agosti 2019 ulionyesha humo kwamba mwanzilishi, Adam Neumann, alikuwa na umiliki kwenye majengo ambayo WeWork yenyewe ilikodi, na kwamba kampuni nyingine aliyoiongoza ilipewa umiliki ndani ya WeWork wenye thamani ya dola milioni 5.9 kwa kuiuzia jina "We" (aliurudisha baada ya kelele). Kila muamala, tafuta nani aliuidhinisha na nani asiye na maslahi alipima bei.

Kisha hesabu kura, usihesabu hisa tu. Hisa za Neumann zilipangiwa kura 20 kila moja. Mwenye kura nyingi anaweza kuwaondoa wakurugenzi, kwa hiyo wajumbe huru wa bodi (wasio na maslahi kwenye kampuni) hawana meno. Kura hizo zilishushwa hadi 10, wawekezaji bado wakasita, na Septemba 30 ombi la WeWork la kuingia soko la hisa likaondolewa.

Angalia pia kama mwanzilishi ameweka hisa zake dhamana ya mkopo benki: bei ikishuka, benki inaweza kuziuza, bei ikazidi kushuka, nawe utaumia zaidi.